Usinunue lenzi bado: jibu kwa msomaji wa Bigwa anayepiga picha za chozi

*Shikamoo mwalimu. Ninaishi Bigwa, Morogoro, na napiga picha za maua na ndege, hasa chozi, wale wadogo wanaonyonya nekta, kwenye bustani ya mama, kwa kujifurahisha tu. Nina Canon 700D ya mtumba na lenzi mbili, 18-55 na 55-250. Kwenye kundi letu la WhatsApp wananiambia ndege wangu wana ukungu, na haibiskasi zangu nyekundu zinaonekana kama zimepakwa rangi ya ukuta. Wengi wanasema dawa ni lenzi ya 150-600, na nimeshaanza kudunduliza. Nipo sahihi? Nimekuambatishia picha tatu. Halafu, je, kuna ubaya kuwawekea chozi maji ya sukari ili watulie?*

Marahaba, binti. Jibu fupi ni usinunue. Lenzi ya 150-600 (namba hizo ni milimita, na kadiri zinavyokuwa kubwa ndivyo lenzi inavyovuta vya mbali) ni nzuri sana kwa kazi yake, lakini ina uzito wa karibu kilo mbili, bei yake ikiwa mpya inakaribia ya bodaboda, na kwenye bustani ya mama yako haitakusaidia kama wanavyodhani. Kasoro wanazoziona zipo kweli. Ila dawa waliyokuandikia siyo.

Kabla ya yote, picha ulizonitumia kwa barua pepe ni mafaili kamili, pikseli 5184 kwa 3456. Wanazoziona wenzako si hizo. WhatsApp huzibana picha ili zipite haraka na zisile bando, na kinachoanza kupotea ni vitu vidogo vidogo: nyuzi za manyoya, vumbi la chavua, mishipa ya petali. Hata picha safi hufika kundini ikiwa imelainika. Ukitaka watu waseme lolote kuhusu ukali wa picha, itume kama faili, kupitia sehemu ya kuambatisha nyaraka badala ya ile ya picha. Nusu ya mabishano ya "imetulia, haijatulia" yanayoendelea kwenye makundi ya wapiga picha yangekwisha kwa hilo tu.

Lakini siwezi kuitupia WhatsApp lawama zote. Picha yako ya kwanza, yule dume mwenye kifua chekundu, nimeikuza hadi asilimia 100 kwenye kompyuta. Ua liko wazi kabisa. Kuna chungu anapanda kwenye kikonyo na miguu yake inahesabika. Ndege ndiye mwenye shida. Tazama jicho lake: ile nukta ya mwanga kwenye mboni imevutika ikawa kistari. Hiyo ni alama ya ndege aliyegeuza kichwa wakati shata iko wazi. Fokasi ingekuwa imekosewa, nukta hiyo ingepanuka kuwa duara laini. Mkono wako ungekuwa umetikisika, kila kitu kingevutika upande mmoja, na chungu naye asingekuwa na miguu. Jizoeze kusoma jicho namna hiyo kila unapoambiwa picha ina ukungu, maana ukungu una sababu nyingi na kila sababu ina tiba yake.

Taarifa zilizomo ndani ya faili zinaonyesha ulitumia kasi ya shata ya 1/200 ya sekunde. Kwa chozi hiyo ni kasi ndogo mno. Kichwa chake hakitulii hata anapokunywa. Geuza gurudumu liende kwenye Tv, ambako kasi ya shata unaipanga mwenyewe, weka 1/1000, ISO (usikivu wa sensa kwa mwanga) iwe otomatiki na ukomo wake uwe 1600. Chenga zitakuwepo kidogo kwa kamera ya umri huo, na wala zisikusumbue. Hupungua kwenye programu yoyote ya kuhariri. Namba ya tundu la lenzi ikianza kumetameta kwenye kioo unachochungulia, kamera inakuambia mwanga hautoshi. Hapo shuka hadi 1/640, ufyatue mfululizo, na uchague fremu ambayo ndege ametulia kidogo. Fokasi tumia ile nukta moja ya katikati, uiweke kwenye jicho. Ukiiachia kamera ijichagulie yenyewe, itashika ua, kwa sababu ua ni kubwa na lina rangi kali.

Sasa tuje kwenye umbali, maana ndiko hoja ya lenzi inakofia.

Chozi kifua chekundu ana urefu wa sentimita 13 hadi 15 hivi. Tuchukue 13. Sensa ya kamera yako ina upana wa milimita 22.3. Ukikaa mita sita na lenzi yako imevutwa hadi 250, taswira ya ndege huyo kwenye sensa inakuwa karibu milimita 6, yaani kama robo ya upana wa picha. Halafu unaikata ili aonekane mkubwa, na hapo ndipo manyoya yanapogeuka uji. Sogea hadi mita tatu: anajaza zaidi ya nusu. Sogea hadi mita mbili na nusu, na unapata ukubwa uleule ambao lenzi ya 600 ingekupa ukiwa umekaa mita sita. Ni hesabu ya kitabuni, kwa kuwa lenzi za zumu hupoteza kidogo zinapofokasi karibu, lakini mwelekeo ndio huo. Lenzi yako inafokasi hadi karibu mita moja, kwa hiyo nafasi ipo tele. Mita tatu na nusu ulizopunguza hazijakugharimu hata shilingi.

Najua utaniuliza: chozi gani atakubali mtu mita mbili na nusu? Huyo wa kwenu atakubali, mradi usimfuate. Kumkimbiza chozi bustanini ni kazi bure, na nahisi ndivyo unavyofanya, kwa sababu picha zako zote tatu zimepigwa ukiwa umesimama na kutoka pande tofauti. Dume wa chozi hulinda maua yake. Huwafukuza wenzake, kisha hurudi kwenye maua yaleyale baada ya muda, nekta ikiwa imejaa tena. Mara nyingi ana kitawi anachotua kwanza, anaangaza huku na huku, ndipo anashuka uani. Kaa na chai yako siku mbili tatu bila kamera umwangalie tu, utakijua kitawi hicho.

Kisha weka kigoda ndani ya jiko au chumba chochote chenye dirisha linalotazama mmea huo. Zima taa, fungua dirisha, tundika khanga iliyopitwa na wakati yenye tundu la kupitishia lenzi, na chini ya lenzi weka mfuko wenye mchele kilo moja au mbili. Mfuko huo ukiulaza kwenye kizingiti cha dirisha unashika lenzi vizuri kuliko stendi nyingi za bei rahisi. Chumba kikiwa na giza ndege hakuoni. Nyumbani kwa mama yako ndege wameshazoea sauti za sufuria na redio, kwa hiyo huna haja hata ya kunyamaza.

Ubaya wa kukaribia ni mmoja: sehemu iliyo wazi kwenye picha inakuwa nyembamba. Kwa mita mbili na nusu, lenzi ikiwa 250 na tundu lake f/5.6, ni kama sentimita mbili tu. Ndege akikutazama uso kwa uso, jicho litakuwa wazi na mkia utayeyuka. Msubiri akupe ubavu.

Na mmea gani? Hapa ndipo ningependa ubadilishe mawazo kabisa, kwa sababu umeng'ang'ania haibiskasi. Ni ua zuri, ila kwa picha ya chozi lina tabia mbaya. Njia ya mbele ni pana na chozi haifuati. Huenda nyuma, kwenye kitako cha ua, akatoboa kwa mdomo na kunyonya nekta bila hata kugusa chavua. Ni wizi, na kwenye picha wizi huo unaonekana kama mkia unaochungulia nyuma ya petali. Picha yako ya kwanza iko hivyohivyo: tunaona mgongo, bawa moja, kipande cha kifua na hilo jicho la kistari, uso uliobaki umemezwa na ua.

Mshubiri ni kinyume chake. Maua yake ni mirija myembamba inayoning'inia kuzunguka bua lililosimama wima. Chozi hushika bua kwa miguu, huinua kichwa, na huingiza mdomo kutoka chini, uso wake ukiwa wazi kwako. Hawa wetu kwa kawaida hunywa wakiwa wametua. Wale ndege wa Marekani wanaoning'inia hewani mbele ya ua kama helikopta ni ukoo mwingine, na ushauri mwingi wa mtandaoni kuhusu kasi za 1/4000 umeandikwa kwa ajili yao. Usiuchukue ulivyo.

Mmea mwingine ambao watu wanaudharau ni mgomba. Lile tumba la zambarau linapofunua majani yake na kuacha safu ya maua, chozi huja. Rangi ya tumba ni tulivu, haishindani na ndege, na chini ya mgomba kuna kivuli cha kutosha kulainisha mwanga. Kama mama ana migomba uani, anza nayo kesho.

Sasa niseme kuhusu picha ya tatu, ambayo umeiandikia "hii si nzuri sana, jike tu." Kwangu ndiyo bora kati ya zote, na sishangai kwamba kundini haikupata hata "umetisha" moja. Ni jike mwenye rangi ya hudhurungi na madoa kifuani, ameshika bua la mshubiri, na juu ya mdomo wake, kwenye kipaji, kuna unga wa chungwa. Ni chavua. Ana habari ya kusimulia: katoka ua lile, anakwenda hili. Dume wako wa kwanza ana rangi tu. Tatizo la picha hii liko nyuma: tenki jeusi la maji upande wa kulia na kamba ya kuanikia inayopita sawasawa shingoni mwa ndege. Ungesogea hatua moja kushoto, nyuma yake pangekuwa na ile migomba ya mbali, kijani kitupu kilichoyeyuka. Kabla ndege hajaja, fokasi kwenye bua tupu na ukague kila kona ya fremu. Ndege akishafika hutakuwa na macho ya kuona kamba.

Halafu saa. Picha ya kwanza ulipiga saa tano kasorobo. Morogoro iko kama nyuzi 7 kusini mwa ikweta, na huku kwetu jua hupanda karibu wima. Mwaka mzima huchomoza kati ya saa kumi na mbili na saa moja kasorobo, na kufika saa tatu limeshakuwa kali. Vitabu vya Ulaya vinavyozungumzia saa ndefu za mwanga wa dhahabu vina jua linalotambaa pembeni; letu halitambai. Kazi yako ni kuanzia saa moja hadi saa mbili na nusu asubuhi, na tena baada ya saa kumi na nusu jioni. Kukiwa na mawingu mepesi, piga hata saa sita. Mlima ukikuzibia jua la kwanza, vizuri zaidi kwa maua, maana kivuli cha asubuhi ni laini na chenye mwanga wa kutosha.

Kwa dume wa chozi, mwanga una jambo lake la ziada. Kijani kile kinachong'aa kwenye kipaji na koo hakitokani na rangi iliyomo ndani ya unyoya. Hutokana na jinsi unyoya ulivyojengwa kwa tabaka nyembamba zinazorudisha mwanga kwa pembe fulani tu. Pembe ikikosea, kijani kinakuwa cheusi, na wenzako watakuambia lenzi yako haitoi rangi. Jua liwe nyuma yako, chini, likimwangaza ndege usoni. Hata hivyo atawaka kwa sekunde moja anapogeuza kichwa, kisha atazimika. Ndiyo maana nimesema ufyatue mfululizo.

Haya, wekundu. Hili wamekuambia kweli: haibiskasi ya picha ya pili ni doa jekundu lisilo na mkunjo wala mshipa. Sababu iko kwenye sensa. Kila pikseli huona rangi moja tu. Nusu yake huona kijani, robo nyekundu, robo bluu. Kamera inapopima mwanga huangalia jumla, na kijani ndicho chenye sauti kubwa. Ua jekundu tupu juani hujaza mkondo mwekundu, yaani zile pikseli zinazoona nyekundu, hadi pomoni wakati kijani na bluu viko chini, na kipimo kinaona kila kitu ni shwari. Mkondo ukishajaa, tofauti kati ya petali iliyo juani na mkunjo wake hupotea, na hairudi.

Ukitazama picha kwenye kioo cha nyuma, bonyeza INFO hadi zitokee grafu tatu, nyekundu, kijani na bluu. Ile nyekundu ikiwa imegonga ukuta wa kulia, punguza mwanga: shika kitufe cha Av chenye alama za jumlisha na toa, zungusha gurudumu hadi -1, upige tena. Picha itaonekana na giza kidogo kwenye majani. Hiyo utainua baadaye, hasa ukipiga RAW, yaani faili ghafi ambalo kamera haijalichakata. Badili pia mtindo wa picha kutoka Standard kwenda Neutral, kwa sababu Standard huongeza ukolezi wa rangi kwenye JPEG na grafu yenyewe hufuata mtindo huo. Na usiongeze ukolezi tena kwenye simu kabla ya kurusha kundini! Nimeona kwenye faili lako kwamba limepitia programu ya kuhariri. Ua jekundu halihitaji msaada wa kuwa jekundu.

Faida utaiona kwa yule dume pia. Kifuani mwake, ndani ya ule wekundu, kuna vimistari vidogo vya bluu inayong'aa. Kwenye picha yako havionekani kabisa, na lenzi ya 600 isingevionyesha, kwa kuwa vimezama kwenye wekundu uliofurika.

Kuhusu kundi lenyewe. "Kali sana", "umetisha" na mioto mitatu ni upendo, hayakufundishi kitu. "Nunua lenzi" nayo ni njia rahisi ya kujibu bila kuitazama picha. Uliza swali ambalo haliwezi kujibiwa hivyo: "Jicho la huyu limetulia au limevutika?" "Kamba hii ya nyuma inakusumbua, au ni mimi tu?" Weka picha mbili za tukio lilelile uombe wachague moja na waseme kwa nini. Watu wawili watajibu vizuri, na hao ndio utakaowafuata. Wewe nawe ukimjibu mwenzako, anza na unachokiona kabla ya unachokipenda.

Mtu anaweza kukuambia kwamba yule jike ni chozi wa Loveridge, yule anayepatikana milima ya Uluguru tu, kwingine duniani hayupo. Inavutia kusikia, lakini huyo ni ndege wa misitu ya juu mlimani; wa uani kwenu ni jike wa huyo kifua chekundu. Majike wa chozi huwachanganya hata wazoefu, kwa hiyo piga ubavu, koo na tumbo, kisha pakia iNaturalist, mtandao wa watu wanaotambua viumbe kwa picha, watakusaidia kumtambua. Ukituma faili zima la picha iliyopigwa kwa simu, kumbuka kwamba mara nyingi hubeba mahali picha ilipopigwa, yaani nyumbani kwa mama yako. Ondoa taarifa hiyo kwanza.

Ukikuta kiota, kile kifuko kinachoning'inia chenye mlango ubavuni, kilichoshonwa kwa utando wa buibui, usivunje wala kufunga pembeni jani hata moja ili upate nafasi. Majani hayo ndiyo yanayokificha kiota kunguru asikione. Piga kwa mbali, mara chache, ondoka. Na picha ya kiota usiitume kundini hadi makinda yaruke, kwa sababu kesho watakuja watu watano na kamera.

Maji ya sukari siyashabikii. Juani huchacha upesi na kuota ukungu, chombo kisipooshwa kila siku kinakuwa chanzo cha ugonjwa, na sisimizi watakuja kabla ya chozi. Asali na rangi za chakula ndiyo usithubutu. Tena kwa mpiga picha hayana maana, utapata ndege juu ya chupa ya plastiki. Chukua vichipukizi vya mshubiri vinavyoota kando ya mama yake, uvipande mita mbili na nusu kutoka dirisha la jiko, na migomba iwe nyuma kwa mbali. Mishubiri mingi huchanua miezi ya ukame, wakati maua mengine yamepungua, kwa hiyo chozi watakuwa hapo.

Kama hela inakuwasha mfukoni, nunua pete za kurefusha lenzi, zile zinazokaa kati ya kamera na lenzi, zenye viunganishi vya umeme ili fokasi iendelee kufanya kazi. Ni za bei ndogo, na 55-250 yako itapiga ndani ya ua hadi uone punje za chavua. Lenzi ndefu ina mahali pake: siku mkienda Mikumi, ambako lazima ubaki barabarani na ndani ya gari, umbali huupangi wewe. Kwa safari hiyo ulizia ya kukodi kwa siku mbili, uijaribu nyumbani siku moja kabla, na ule mfuko wa mchele uubebe kwa ajili ya dirisha la gari.